Jina la Binti wa Pili

Usiku wa kuamkia siku ya saba tangu mke wangu alipojifungua binti yetu wa pili, mbuzi wa akika alikuwa amefungwa chini ya mwembe wa uani akilia bila kukoma, kinyozi alikwisha arifiwa afike baada ya sala ya alfajiri, masinia ya kuazima yalikwisha letwa kutoka nyumba ya tatu, na katika vitu vyote vilivyohitajika kwa shughuli ya kesho yake kimoja tu ndicho kilichokuwa hakijapatikana, nacho ni jina la mtoto mwenyewe.

Kwa dada yake mambo hayakuwa hivyo. Yule alizaliwa jina lake linamngoja, kwani kwa ada ya nyumba nyingi za pwani, kwetu Tanga na kwingineko, binti wa kwanza aghalabu huhesabiwa kuwa wa upande wa baba, akapewa jina la bibi yake mzaa baba, akawa somo yake. Na usomo ni jambo lenye uzito kwetu: bibi akirudi kutoka dukani na kanga mpya, au akitoa mkufu ulioviringishwa katika kitambaa tangu siku za harusi yake, hapana mtu atakayeuliza ni wa nani, maana ni wa somo yake. Nami tangu siku jina la mama yangu lilipowekwa juu ya mwanangu sijapata kumwita kwa jina hilo hata mara moja, kwani ulimi wa mwana haukuzoea kulitaja jina la mzazi wake kwa sauti ya kuamrisha na kukemea. Mimi humwita Mama, na mke wangu, ambaye kwake jina hilo ni la mkwewe na kwa hiyo kulitamka ni kukosa murua, humwita Bimkubwa. Basi mtoto wa miaka mitatu, mwenye jina zuri lililochaguliwa kabla hajaliona jua, haitwi kwa jina hilo na yeyote aliye chini ya dari moja naye. Wala mimi silitaji hapa, na msomaji wa pwani hataniuliza sababu.

Binti wa pili ndiye anayewafunua wazazi. Ile ada iliyopaza sauti alipozaliwa wa kwanza, kwake hunong'ona tu, nao waliodhani kuwa wanajua kumpa mtoto jina hutambua kuwa hawakupata kufanya hivyo hata siku moja, bali walipewa jina wakalipokea. Sasa wanaulizwa wao wenyewe, na mara huonekana kuwa mume ana jina, mke ana jina, shangazi ana majina matatu, na jirani aliyekuja kuazima chumvi naye analo lake.

Wako watu ambao ada yao hainong'oni. Wakikuyu wa Kenya ya kati wana kanuni iliyo wazi kama hesabu ya vidole: binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake, wa pili huchukua jina la mama wa mama yake, na wanaofuata hurithi majina ya mashangazi na ya mama wadogo na wakubwa, upande huu na upande ule kwa zamu. Mtu akikuambia kwamba yeye ni binti wa pili na kwamba jina lake ni Wanjiru, umekwisha kulijua jina la bibi yake mzaa mama bila ya kuuliza, na mtoto akizaliwa hapana baraza la kukesha kama lile lililokaa ukumbini mwangu. Ila kanuni hii nayo ina gharama yake. Mama mwenye mabinti wanne walioolewa, kila mmoja wao akijaaliwa binti wa pili, hupata wajukuu wanne wa jina moja lililo lake mwenyewe, na siku ya sikukuu wakikutana nyumbani kwake, akiita mmoja huitika wanne, hata ikabidi kila mmoja aongezewe jina la baba yake au lakabu ya umbo lake ndipo ajulikane ni yupi aliyeombwa maji ya kunywa.

Sisi tuliangukia hasara hiyohiyo bila ya kuwa na kanuni. Mke wangu ni kitindamimba katika mabinti wanne, na dada zake watatu, kila mmoja kwa wakati wake na kwa nia njema, walikwisha mtukuza mama yao kwa kumpa mtoto jina lake. Nilipokwenda kwa mama mkwe siku ya tatu kumwomba idhini, nikiwa nimejitayarisha kwa maneno ya adabu niliyoyapanga njiani, alinisikiliza mpaka mwisho, akatengeneza ushungi wake, akasema, "Baba, jina langu limekwisha. Watatu wananitosha. Mtafutieni mtoto lake."

Nilirudi nyumbani nikiwa sina neno, nikamkuta dada yangu amekwisha kata shauri.

Dada yangu ni shangazi wa mtoto, na shangazi katika ada yetu si mgeni wa kukaribishwa kwenye shauri, bali ndiye mwenye nusu ya shauri lenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto huyu apewe jina linalolingana na la dada yake kwa mwanzo na kwa mwisho, ili wakiitwa pamoja masikio yafurahi. Na kwa hakika hiyo ndiyo fasheni ya siku hizi, kwamba Rahma afuatwe na Rahima, Salma afuatwe na Salima, au watoto wote wa nyumba waanzie herufi moja kama vitabu vya rafu moja. Sikulipenda jambo hili, na kwa kuwa kwake mimi ni mdogo na haikufaa nimbishie, nitamweleza msomaji ubishi ambao yeye sikumweleza.

Mtoto wa Tanzania, akiandikwa katika daftari lolote la serikali au la shule, huandikwa kwa majina matatu: lake, la baba yake na la babu yake. Wa zamani walisema Fatuma binti Fulani bin Fulani, sasa viunganishi vimeondoka lakini nasaba imebaki pale pale. Maana yake ni kwamba dada wawili wa baba mmoja wana majina mawili kati ya matatu yaliyo mamoja, herufi kwa herufi, na lile la kwanza ndilo pekee linalomtenga huyu na yule mbele ya karani, mbele ya mwalimu, na mbele ya muuguzi anayeita foleni kwenye dirisha la dawa. Ukilifanya na hilo nalo lifanane, umempa mwanao jina ambalo kazi yake moja halifanyi. Mtaani petu wako ndugu wawili wa namna hiyo, waliopishana mwaka mmoja na miezi. Mama yao amenieleza kuwa kadi zao za kliniki zilibadilishana mara mbili, na kwamba mmoja aliwahi kurudishwa nyumbani kwa kuwa chanjo yake, kwa mujibu wa kadi, alikwisha kuipata, kumbe aliyeipata ni dada yake. Tena hayo ni ya makaratasi. Mzazi anayesimama mlangoni magharibi, chungu kinafurika jikoni, akaita jina kwa nguvu zote za koo lake, hulikata silabi za mwisho apende asipende, na hapo Rahma na Rahima wote ni "Rah!", wakaja wote wawili au asije hata mmoja.

Zaidi ya hayo liko jambo ambalo sina ushahidi nalo ila macho yangu: jina lililotungwa kwa kufuata lingine humfanya mwenye nalo kuwa mwitikio wa mwenzake. Wa kwanza ni wimbo, wa pili ni kibwagizo. Binti wa pili ana kanga za dada yake, viatu vya dada yake na madaftari ya dada yake yenye kurasa zilizobaki; asipewe na mabaki ya jina.

Basi tuseme tumeacha ada na tumeacha fasheni: linabaki nini? Wazee wetu walikuwa na ghala kubwa kuliko tunavyokumbuka. Waliangalia siku: aliyezaliwa Ijumaa ni Mwajuma, wa Alhamisi ni Mwanahamisi. Waliangalia nyakati na majira: Mwanaidi alikuja na sikukuu, Saumu alikuja katika mwezi wa kufunga, Mwanamvua alikuja mawingu yakipasuka, na Chausiku hakungoja kupambazuke. Waliangalia hali ya nyumba, wakaita Riziki, Subira, Zawadi, Tunu, Faraja, na pale dunia ilipowaelemea hawakuona haya kuita Tabu, Shida, Mashaka au Sikudhani, majina yaliyo mfano wa shajara ya ukoo, kiasi kwamba mtu akiyajua majina ya watoto wa nyumba fulani kwa kufuatana aweza kukusimulia mwaka upi mavuno yalikuwa mema na mwaka upi baba alikuwa safarini.

Mtoto wetu alizaliwa Alhamisi saa mbili za usiku, nayo masika imeshika. Mjomba mmoja akatamka kwamba shauri limekwisha, huyu ni Mwanahamisi. Mwingine akamzuia kwa upole, akamkumbusha kuwa siku kwa hesabu yetu huanza jua linapozama wala haingoji usiku wa manane kama siku ya saa za Wazungu, kwamba kwa hiyo ule ulikuwa usiku wa Ijumaa, na kwamba mtoto ni Mwajuma pasipo shaka. Wakaendelea kwa muda wa vikombe vitatu vya kahawa, nami nikawaacha, kwa kuwa hesabu hiyo ilikuwa na faida nyingine kubwa kuliko jina: ndiyo iliyotufahamisha siku ya saba ni ipi. Ukianza na Ijumaa, ya saba huangukia Alhamisi. Mbuzi alikwisha nunuliwa kwa hesabu hiyo.

Liko na tabaka la majina ambalo vijana huliogopa, nalo ni yale ya kujishusha. Wazee walikuwa na hofu ya husuda na ya jicho baya, na mama aliyekwisha zika mtoto mmoja au wawili aliona heri amwite anayefuata kwa jina lisilotamaniwa na yeyote. Majina mengine ya namna hiyo hayakuwa hila bali ukweli mchungu wa daraja la watu katika siku zile. Mwanamke aliye mashuhuri kuliko wote katika historia ya taarabu, aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika miaka ya karibu na 1880, hakuzaliwa Siti. Jina alilolelewa nalo ni Mtumwa. Alifinyanga na kuuza vyungu, akaenda mjini, akajifunza kuimba, na mjini huko ndiko alikopewa lile la Siti, yaani bibi mwenye heshima, akaenda nalo Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, na kwa jina hilo Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Hakuna asemaye leo Mtumwa binti Saad. Na aliyemfuata katika sanaa hiyo, Fatuma binti Baraka, alikuwa na jina tukufu kabisa ambalo lilikaa ndani ya makaratasi yake kama nguo ya sanduku, ilhali ulimwengu ulimjua mpaka alipofariki mwaka 2013 kwa lakabu isiyo na maana zaidi ya kitu kidogo: Kidude. Ukiyaweka majina ya hawa wawili sambamba utaona kwamba mmoja alipandishwa na jina na wa pili alilipandisha jina, wala sijui ni yupi aliyefanya kazi ngumu zaidi.

Majina mawili kwa mtu mmoja si jambo geni kwa watu wa pwani. Seyyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni, Unguja, mwaka 1844, aliondoka kwao kwa siri, akabatizwa Aden mwaka 1867 kwa jina la Emily na kuolewa huko na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Walipokaa Hamburg walipata watoto, na mama huyu ambaye dini yake, nguo zake na lugha ya nyumba yake vyote vilikuwa vimebadilika, alimpa kila mmoja wao jina la Kijerumani la kumwezesha kupita njiani, na nyuma yake jina la kwao: Antonie Thawka, Rudolph Said, na binti wa pili, Rosalie Ghuza. Huyu wa pili alizaliwa mwaka 1870, na miezi michache baadaye baba yake akafa kwa kukanyagwa na tramu ya farasi. Hamburg nzima ilimjua mtoto kuwa ni Rosalie. Hilo la Ghuza, nadhani, mama alilihitaji yeye mwenyewe.

Nilikuwa katika fikira hizo, saa nne za usiku zimepita na baraza halijatawanyika, alipoingia mzee mmoja wa mtaa, mwalimu wa chuoni aliyetusomesha wengi wetu, akauliza tumefika wapi. Akaambiwa hatujafika popote. Akakaa, akapewa kahawa, akauliza swali ambalo hapakuwa na mmoja wetu aliyelifikiria tangu siku ya kwanza: "Bwana Mtume, binti yake wa pili alikuwa nani?"

Sote tunamjua Fatuma. Kila nyumba ina Fatuma, na nyingine zinao watatu. Lakini Fatuma, kwa kauli iliyo mashuhuri, alikuwa wa mwisho katika wanne: wa kwanza ni Zainabu, wa pili ni Rukia, wa tatu ni Ummu Kulthumu, ndipo yeye. Rukia aliolewa na Othman bin Affan, akahamia naye Habasha katika hijra ile ya kwanza, Waislamu walipokuwa wachache na wenye kuonewa. Walihamia baadaye Madina, na huko Rukia akaugua, akafariki katika siku za vita vya Badri, mwaka wa pili wa hijra, mumewe akiwa ameamriwa abaki kumwuguza na kwa hiyo hakupigana. Othman akaozwa Ummu Kulthumu, nduguye Rukia, na ndiyo asili ya lakabu yake ya Mwenye Nuru Mbili. Mzee akaongeza, kwa ile raha ya mwalimu ambaye wanafunzi wake wamekuwa watu wazima na bado hawajui, kwamba Fatuma naye alipozaa mabinti aliwaita Zainabu na Ummu Kulthumu, yaani majina ya dada zake, na kwamba hapa kuna hoja kwa wanaodhani jina lazima litoke kwa bibi: mama wakubwa nao wana haki.

Kisha akatukumbusha hadithi ya yule anayelea mabinti wawili mpaka wakabaleghe, ambaye Mtume amesema atakuwa naye siku ya kiyama, akaviunganisha vidole vyake kuonyesha ukaribu wao. Hakusema kwa nini ameitaja. Mtu mmoja katika baraza lile alikuwa ameniambia siku ya kwanza, kwa sauti ya kunifariji, kwamba Inshallah wa tatu atakuwa dume. Nikamwona anatazama kikombe chake.

Hapo napenda kusimama kidogo juu ya maana ya majina, kwa sababu ni jambo linaloulizwa sana na kujibiwa ovyo. Mafundisho yanataka jina liwe na maana njema, na mapokeo yanaeleza kwamba Mtume alimbadilishia mwanamke mmoja jina la Asiya, lenye maana ya muasi, akamwita Jamila. Msomaji atashtuka, kwani huenda ana Asia ndani ya nyumba. Asishtuke. Majina haya ni mawili, moja huandikwa kwa ain na sad, ndilo la uasi. Lingine huandikwa kwa alifu na sin, nalo ni la mke wa Firauni, aliyemwokota Musa mtoni akamlea, mmoja katika wanawake bora waliopata kuishi. Ulimi wa Kiswahili, na baada yake herufi za Kirumi, umeyachanganya yakawa kitu kimoja. Ndivyo pia ilivyomfika Saumu wa watu, ambaye jina lake ni la funga tukufu, lakini kwa kuwa neno la Kiarabu la kitunguu kile chenye harufu nalo limefika kwetu kwa matamshi yaleyale, hana amani shuleni kila mapishi yanapotajwa. Kwa hiyo anayetafuta maana asitosheke na orodha aliyoandikiwa na mtu asiyemjua. Amwendee anayeijua lugha ya asili, amwombe aliandike jina kwa herufi zake, ndipo aulize.

Baraza lilikwisha tulia juu ya jina la Rukia, na mimi nimefurahi kwa siri kwamba hata dada yangu hakupinga, mama mkwe aliyekuwa kimya nyuma ya pazia la chumba cha mzazi akatoa sauti yake: "Mnahangaika nini? Huyo ni Pili."

Na kweli, jina hilo lililo jepesi kuliko yote hapana aliyelikumbuka. Kiswahili kina Mosi, kina Pili, kina Tatu, wala si majina ya wavivu kama wanavyodhani waliosoma. Bara kuna ndugu zake: Wasukuma na Wanyamwezi wakijaaliwa mapacha humwita anayetangulia Kulwa na anayefuata Doto, na mtoto anayezaliwa baada ya mapacha ni Shija, nao Waganda humwita pacha wa kike anayetangulia Babirye na mwenziwe Nakato. Katika majina hayo yote nambari haimaanishi cheo. Sisi tunaoishi Ngamiani, ambako barabara zenyewe huitwa kwa nambari, tungepaswa kulijua hilo kabla ya watu wote, maana sijapata kumsikia mtu wa barabara ya pili akilalamika kuwa yeye si wa barabara ya kwanza. Pili nimjuaye mimi alikuwa muuza vitumbua, mwenye nyumba tatu, na wanaume wa mtaa walisimama alipopita.

Mke wangu akalipenda hilo la Pili, mimi nikalipenda la Rukia, kisha tukatazamana tukagundua kwamba tunasema kitu kimoja kwa lugha mbili: anayeijua tarehe akisikia Rukia hujua ni wa pili, na asiyeijua husikia jina tu.

Asubuhi ilipita upesi kama zipitavyo asubuhi za namna hiyo. Adhana na ikama zilikwisha somwa masikioni mwake siku aliyozaliwa, basi kazi ya siku ya saba ilikuwa ni mbuzi mmoja, kwani wa kike ni mmoja ilhali wa kiume ni wawili, na ni wembe. Kinyozi alimwekea mtoto kiganja chini ya kisogo, akalowesha nywele kwa maji ya vuguvugu, akaanza utosini kwa mkono ambao sikudhani kuwa waweza kuwa mwepesi kiasi kile, maana mimi huninyoa kama apaliaye shamba. Mtoto hakulia, alikunja uso, akatoa ulimi, akalala. Nywele zilizopatikana zilijaa kijiko cha chai. Tulizipeleka kwa sonara zikapimwe ili sadaka itolewe kwa uzito wake wa fedha, naye akaziweka juu ya mizani yake ya kioo, akangoja, akatoa hesabu ndogo mno hata tukaona haya, tukatoa zaidi. Alasiri ikasomwa maulidi ya Barzanji, na watu waliposimama mtoto akapitishwa juu ya sinia lenye asumini, akanyunyiziwa marashi, akafukizwa udi, kila mkono ukimgusa na kila kinywa kikilitamka jina lake jipya kwa mara ya kwanza.

Lililobaki ni la serikali, na hapo nitamshauri msomaji aliye na mtoto mchanga asilichukulie kwa wepesi. Sheria ya Tanzania bara yataka uzazi uandikishwe ndani ya siku 90, na jina linaloingia katika cheti ndilo litakalomfuata shuleni, kwenye kitambulisho, kwenye hati ya kusafiria na katika mirathi. Nilikaa mbele ya karani mwenye haraka, nikamwambia Rukia, akaanza kuandika Rukiya. Kabla hajamaliza nikamwekea mezani kipande cha karatasi nilichokuwa nimekiandika nyumbani kwa herufi kubwa. Nawajua watu wazima walioandikwa Rukia katika cheti, Rukiya shuleni na Ruqaiyya katika hati ya safari, nao wametumia siku na fedha kuapa mbele ya wakili kwamba wanawake hao watatu ni mmoja. Mwandike mwanao kwa tahajia moja, uiandike kwenye karatasi, uende nayo, na usiondoke dirishani kabla hujaisoma uliyopewa.

Cheti chetu kimeandikwa Rukia, herufi tano. Mama mkwe humwita Pili, na mama yake humwita hivyo akiwa amefurahi. Dada yake, ambaye ulimi wake haujaimudu r, humwita Lukia, na hiyo ndiyo sauti ambayo mpaka leo, akiwa na umri wa miezi minne, mtoto huigeuzia kichwa.